Usiku ambao Albert Jones hakuona kitu

Jumatatu ya tarehe 23 Februari 1987, saa 4 na dakika 35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo mitatu iliyochimbiwa chini ya ardhi, mmoja Japani, mmoja Marekani na mmoja kwenye milima ya Kaukazi, ilinasa chembe kama dazeni mbili kwa muda wa sekunde chache. Hakuna aliyeshtuka wakati ule. Chembe hizo, neutrino, zilitoka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, na zilikuwa njiani kwa zaidi ya miaka 160,000. Kitovu cha nyota moja huko kilikuwa kimeporomoka. Mwanga wa mlipuko wenyewe ulikuwa nyuma kidogo, bado haujafika.

Zilikuwa hazijatimia saa mbili tangu hapo, mzee mmoja wa Nelson, New Zealand, alipoelekeza darubini yake kwenye wingu hilo hilo. Kwao ulikuwa usiku. Albert Jones hakuwa mwanafalaki wa kulipwa mshahara. Alikuwa raia wa kawaida aliyeanza ujanani kupima mng'ao wa nyota zinazobadilika, na hadi anafariki mwaka 2013 alikuwa ameandika vipimo zaidi ya 500,000, vyote kwa jicho lake. Usiku huo akatazama, akakuta kila nyota iko mahali pake. Hakukuwa na kigeni chochote chenye mng'ao unaozidi magnitudo 7.5 (magnitudo ni kipimo cha mng'ao wa nyota; namba ikiwa ndogo, mng'ao ni mkubwa). Akaandika, akaendelea na kazi.

Saa moja na robo baadaye, Robert McNaught aliyekuwa Siding Spring, Australia, alipiga picha sehemu hiyo ya anga. Katika picha yake nyota mpya tayari ipo, imefika kama magnitudo 6. Lakini picha hiyo ilikuja kuchunguzwa baada ya habari kuzagaa. Wanaotajwa kuwa wagunduzi wa mlipuko huo wa nyota, ulioitwa supanova 1987A, ni Ian Shelton na Oscar Duhalde, waliokuwa kwenye kituo cha Las Campanas nchini Chile, pamoja na Jones mwenyewe, aliyeiona tarehe 24 bila kuambiwa na mtu.

Wengi wakisimulia habari hii husimulia usiku wa tarehe 24. Mimi usiku unaonivutia ni ule wa kabla yake, ambao hakuona kitu.

Kitovu cha nyota kinapoporomoka, neutrino huchomoka mara moja. Mwanga hauna haraka hiyo; lazima wimbi la mshtuko lipande kutoka kitovuni hadi juu ya uso wa nyota, ndipo nyota ing'ae ghafla. Nyota ikiwa imevimba sana, safari hiyo yaweza kuchukua karibu siku nzima. Ikiwa ndogo, ni saa chache. Sasa weka vipande vitatu pamoja: neutrino saa 4 na dakika 35, Jones haoni kitu saa 6 na dakika 20 hivi mchana (kwa saa zetu), McNaught anapata nyota kwenye picha saa 7 na dakika 38. Mlipuko umefungiwa katikati. Wataalamu walipokokotoa, hesabu zilidai nyota ambayo haikuwa kubwa sana, na kweli, walipofungua picha za zamani wakakuta mahali pale palikuwa na nyota ya buluu, Sanduleak −69 202, wakati vitabu vya siku hizo vilitarajia nyota nyekundu iliyovimba. Katika hesabu hiyo, "hakuna" ya Jones ina uzito sawa na picha ya McNaught. Kama angekuwa mtu wa kuandika pale tu anapoona ajabu, tungebaki na upande mmoja wa ukuta.

Mimi naishi Dodoma, na chombo changu ni darubini ndogo ya macho mawili, ile ya 10 kwa 50 ambayo watu hununua kwa ajili ya mbugani. Kuanzia Mei hadi Novemba anga letu ni safi kiasi kwamba nawaonea huruma Waingereza. Tatizo ni taa za mji, zinaongezeka kila mwaka, na ndiyo maana mimi ni miongoni mwa wachache mtaani wasionung'unika umeme ukikatika. Vijana wa bodaboda wa kona yetu wananiita mnajimu. Mmoja aliwahi kuniomba nimtazamie mechi ya Jumapili. Nilimwambia Mungu ndiye ajuaye, akaniona mchoyo.

Jirani yangu mmoja, mstaafu wa reli, naye hupenda kupita akitoka msikitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeona nini?"

"Leo hakuna kitu, mzee."

"Sasa mbona unaandika?"

Nikamweleza kwamba naandika hiyo hakuna. Akacheka sana. "Mimi nimeandika treni miaka thelathini," akasema, "lakini niliandika zilizofika."

Kabla sijaenda mbali, niwaweke sawa wasomaji ambao mambo haya ni mapya kwao. Nova na supanova zinafanana kwa sura tu: zote ni nyota inayojitokeza mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, ikakaa wiki au miezi, ikafifia. Ndani ni mambo mawili tofauti kabisa. Nova inahitaji nyota mbili zinazozungukana kwa karibu. Moja ni kibete cheupe, mabaki ya nyota iliyokwisha kuzeeka, yenye uzito unaokaribia wa Jua lakini umbo dogo kama Dunia. Kibete hicho humnyonya mwenzake hidrojeni, tabaka linajaa juu yake, joto na shinikizo vinapanda hadi tabaka lote linawaka kwa pamoja na kurushwa nje. Kibete chenyewe hakifi. Kinaanza kunyonya upya, na baada ya miaka makumi, au maelfu, mambo yanajirudia. Katika galaksi yetu zinagunduliwa nova kama 10 hivi kila mwaka.

Supanova ni kifo. Aina moja hutokea kibete cheupe kinapokaribia uzito wa Jua 1.4 na chote kikalipuka, hakibaki kitu. Aina nyingine hutokea nyota yenye uzito wa zaidi ya Jua 8 inapokosa nishati ya kujishikilia, kitovu kikaporomoka kama kule kwenye Wingu la Magellan. Kwa wiki kadhaa nyota moja inaweza kung'aa kukaribia galaksi nzima. Katika galaksi yetu wenyewe, ya mwisho kushuhudiwa ilikuwa ya mwaka 1604, miaka mitano tu kabla Galileo hajaelekeza darubini yake angani. Tangu darubini ianze kutumika angani, hakuna mtu aliyeona supanova ya nyumbani. Hivyo anayezitaka lazima azitafute kwenye galaksi za watu wengine, na kwa kuwa galaksi moja inaweza kukaa miaka 50 au 100 bila kutoa hata moja, lazima atazame galaksi nyingi mno.

Hapo ndipo anapoingia mchungaji Robert Evans.

Evans alikuwa mchungaji wa Uniting Church huko New South Wales, Australia. Mwaka 1981, akiwa na darubini ya kioo cha sentimita 25, aligundua supanova mbili, moja kwenye galaksi ya NGC 1532 na nyingine kwenye NGC 1316. Hadi alipofariki mwaka 2022 alikuwa amegundua 42 kwa jicho tu, bila kamera, na hakuna binadamu aliyemfikia. Mbinu yake huwachanganya watu wakiisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakuwa na ramani mkononi. Alikuwa amezikariri. Kila galaksi aliyoifuatilia, na zilikuwa zaidi ya 1,000, alijua ina nyota zipi mbele yake, zimekaaje, ipi hafifu, ipi iko karibu na kiini. Anaingiza galaksi kwenye lenzi, anatazama kwa sekunde chache, anajua kama kuna mgeni au hakuna, anahamia nyingine. Karibu kila mara jibu lilikuwa hakuna.

Najua kuna watu watakaosema huo ni mchezo wa wazee wenye muda. Basi wasikilize hili. Julai 1983 Evans alipata supanova kwenye galaksi ya M83, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 15. Ikaitwa 1983N. Agosti mwaka uliofuata akapata nyingine kwenye NGC 991, ikaitwa 1984L. Wataalamu walipochambua mwanga wa hizo mbili wakakuta haziingii vizuri kwenye makundi waliyokuwa nayo: hazina alama za hidrojeni, kama zile za kibete kinacholipuka, lakini tabia nyingine nyingi ni tofauti. Zilikuwa nyota kubwa zilizokwisha kuvuliwa tabaka lao la nje kabla ya kuporomoka. Kundi jipya likafunguliwa, Aina ya Ib, na vielelezo vyake vya kwanza ni hizo mbili za mchungaji. Haya yalitoka kwa mtu ambaye Jumapili alikuwa kanisani akihubiri.

Uingereza walikuwa na George Alcock, mwalimu wa shule karibu na Peterborough, ambaye yeye alikariri nyota zenyewe badala ya galaksi. Inasemekana alijua mpangilio wa nyota 30,000 kama zinavyoonekana kwenye darubini ya mkono. Aligundua nyotamkia 5 na nova 5. Mojawapo ya nyotamkia hizo, mwaka 1983, aliiona akiwa ndani ya nyumba, dirisha limefungwa, kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Ukinisikia nalalamika kuhusu taa za Dodoma, nikumbushe dirisha la Alcock.

Afrika nasi tumo, na si kwa kusindikiza. Alfajiri ya tarehe 25 Mei 1925, mpiga simu za maandishi wa posta ya Beaufort West, mji mdogo wa nyanda kame za Karoo, Afrika Kusini, alikuwa anakwenda kazini kwa miguu. Aliitwa R. Watson. Alizijua nyota za kusini, na upande ule wa Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani yetu wameitumia tangu zamani kushika njia, akaona nyota moja isiyostahili kuwapo. Alikuwa na mitambo ya telegrafu mikononi mwake, kwa hiyo habari haikuchelewa kufika Cape Town kwenye kituo cha kifalme cha falaki. Ikawa Nova Pictoris, ambayo leo inaitwa RR Pictoris, na wiki mbili baadaye ilikuwa imepanda hadi kushindana na nyota angavu kabisa za anga. Hakuwa na darubini wala ramani. Alikuwa na macho na mazoea ya kutazama juu akienda kazini. Nimewahi kujaribu kufikiri ni watu wangapi walipita chini ya nyota hiyo alfajiri hiyo hiyo, kuanzia Karoo hadi Cape, nikaacha.

Siku hizi Afrika Kusini ndiko aliko Berto Monard, ambaye kwanza akiwa pembeni mwa Pretoria na baadaye akiwa Calitzdorp amegundua supanova zaidi ya 100, safari hii kwa kamera. Mwaka 2003 alikuwa mwanafalaki wa ridhaa wa kwanza kugundua mwanga unaobaki baada ya mlipuko wa miali ya gama. Magazeti yetu hayakuandika. Sishangai, mchezaji wetu akisajiliwa benchi la timu ya daraja la tatu Ulaya tunapewa ukurasa mzima.

Lakini msidhani uvumilivu hulipwa kila mara. Leslie Peltier wa Delphos, Ohio, alinunua darubini yake ya kwanza kwa fedha za kuchuma matunda shambani, dola 18. Maisha yake yote aliandika vipimo vya nyota kama 132,000 na kugundua nyotamkia 12. Miongoni mwa nyota alizozifuatilia ilikuwa T ya kundinyota la Corona Borealis, ambalo katika majina yetu ya kale yaliyotoka kwa Waarabu huitwa Kasi ya Masakini, yaani bakuli la maskini, na kwa kweli lina umbo la bakuli. Nyota hiyo ililipuka Mei 1866, ikaonwa na John Birmingham wa Tuam, Ireland. Baadaye ikalala. Peltier aliitazama kwa zaidi ya miaka 25, akaandika hakuna, hakuna, hakuna. Usiku mmoja wa Februari 1946 alitega saa aamke saa 8 na nusu usiku, akaamka, akahisi mafua yanamnyemelea, akarudi kitandani. Usiku huo ndio iliolipuka.

Kila nikisoma habari hiyo namwonea uchungu, ila sioni kama alipoteza. Vipimo vyake vya miaka hiyo yote, pamoja na vya wenzake waliokuwa wakivituma kwenye AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, ndivyo vinavyotuonyesha T ilikuwa na tabia gani kabla ya kulipuka: jinsi ilivyopanda kidogo miaka kadhaa kabla, kisha ikafifia muda mfupi kabla ya tukio. Ni kwa mchoro huo watu wa leo wanathubutu kusema italipuka tena karibuni. Hakuna kituo kikubwa kilichokuwa na nafasi ya kukaa na nyota moja miaka 25.

Sasa tuzungumze kuhusu roboti, maana najua mmeshaanza kuuliza. Kuna mitambo inayopiga picha anga lote au sehemu kubwa yake kila usiku na kulinganisha na picha za nyuma kwa kompyuta. ASAS-SN, ATLAS na ZTF zinapata supanova kwa maelfu. ATLAS ina kituo hata Sutherland, Afrika Kusini. Juni 2025 kituo cha Vera C. Rubin kule Chile kilitoa picha zake za kwanza, na hicho kitazidi vyote. Majina ya supanova, ambayo zamani yalitosha herufi moja ya alfabeti baada ya mwaka, sasa yanafika herufi nne. Mwezi huo huo wa Juni nova iliyofika mng'ao wa kuonekana kwa macho ilitokea kwenye kundinyota la Lupus. Aliyeiona kwanza ni ASAS-SN. Mimi niliiona kama mtu anayesoma gazeti la jana.

Ukweli ni kwamba zama za Evans zimepita. Mtu akiniambia anataka kununua darubini ili agundue supanova kwa jicho, nitamwambia anunue kwa sababu nyingine. Hata hivyo, roboti zina mashimo, na mashimo hayo si madogo.

Shimo la kwanza ni muda. Mtambo unaopita sehemu moja mara moja kwa usiku, au mara moja kwa siku mbili tatu, hauwezi kujua kilichotokea katikati. Septemba 20, 2016, fundi wa makufuli wa Rosario, Argentina, Víctor Buso, alikuwa juu ya paa la nyumba yake akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake ya sentimita 40. Akachagua NGC 613 kwa kuwa ilikuwa karibu na utosi. Akapiga picha fupifupi za sekunde 20, nyingi. Za mwanzo hazina kitu. Za baadaye zina kidoa kwenye ukingo wa galaksi, na kidoa hicho kinaendelea kung'aa picha baada ya picha. Alikuwa amenasa kile ambacho hakuna aliyewahi kukinasa kwa namna hiyo kwenye supanova ya kawaida: wimbi la mshtuko likitoboa uso wa nyota. Watafiti wakiongozwa na Melina Bersten walipochapisha uchunguzi wao kwenye jarida la Nature mwaka 2018, walikadiria kwamba uwezekano wa bahati hiyo ni mmoja kati ya milioni 10 au hata chini yake. Bahati, sawa. Lakini ona tena kilichofanya picha zake ziwe na thamani: zile za mwanzo, tupu.

Mei 19, 2023, Ijumaa, saa 2 na dakika 27 usiku wetu, Koichi Itagaki wa Japani alikuta nyota mpya kwenye M101, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 21. Itagaki ni mfanyabiashara wa vitafunwa vya karanga na maharage, na supanova zake sasa zimepita 170. Mwaka 2004 alishawahi kuona nyota ikiwaka na kuzimika kwenye galaksi ya UGC 4904. Miaka miwili baadaye, mahali pale pale, akakuta supanova. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana wazi nyota ikijitapika tabaka lake kisha ikafa muda mfupi baadaye, na mashahidi wa matukio yote mawili ni mtu mmoja. Kuhusu ile ya M101, iliyopewa jina 2023ixf, kilichofuata ndicho kilichonifurahisha. Watu wa ridhaa duniani kote waliokuwa wamepiga M101 siku hizo, kwa sababu ni galaksi nzuri tu, walifungua picha zao na kuanza kutuma: hii ina kidoa, hii haina, hii sina hakika. Kwa picha hizo, saa za kwanza za mlipuko zikapangika. Wakati huo M101 ilikuwa juu ya upeo wa kaskazini hapa kwetu pia. Mtu mwenye kamera na darubini ya kawaida Arusha au Nairobi angeweza kuwa na kipande chake.

Shimo la pili ni la ajabu zaidi: kinachong'aa sana kinawashinda wakubwa. Kamera ya Rubin imetengenezwa kwa vitu hafifu mno. Nyota inayoonekana kwa macho inaijaza mwanga hadi kipimo kinakosa maana. Nova inayong'aa vizuri ikija, wanaobaki na kazi ya kuipima usiku baada ya usiku ni watu wenye vyombo vidogo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji elimu ya chuo. AAVSO hutoa ramani bure, kila nyota ya kulinganishia ina namba. Namba 54 maana yake ni magnitudo 5.4, nukta huondolewa ili usije ukaidhania ni nyota. Namba ndogo ni mng'ao mkubwa, jambo linalowakera wote wanaoanza. Unatafuta nyota moja inayoizidi kidogo nyota yako na nyingine inayozidiwa nayo, unakadiria iko wapi katikati yao. Ikiwa nyota ni nyekundu usiikodolee macho, itakudanganya. Itupie jicho, ondoa, itupie tena. Halafu saa. Ulimwengu wa falaki unatumia saa za Greenwich, kwa hiyo mtu wa kwetu ana hesabu mbili: saa 2 usiku ni 20:00, ondoa 3, andika 17:00. Ukiruka hatua moja, kipimo chako kizuri kinakwenda kwenye saa ambayo hukuwapo.

Na kama siku moja utaona kitu kisichomo kwenye ramani, tulia kwanza. Karibu kila anayedhani ameona nova ameona sayari, kwa sababu sayari hazichorwi kwenye ramani za nyota. Baada ya sayari kuna asteroidi, satelaiti zinazometa na kutulia, nyota kama Mira ambazo huonekana miezi michache na kupotea, na kwa wapiga picha kuna pikseli mbovu na vivuli vya lenzi. Subiri nusu saa uone kama kimesogea. Tafuta mtu wa pili akiangalie bila kumwambia unachotaka aone. Evans alifanya hivyo, na ndiyo maana alipotuma habari watu waliamka vitandani.

Kwa wakazi wa karibu na ikweta kuna upendeleo ambao sijui kwa nini hatuutangazi. Mawingu ya Magellan tunayaona kusini, M101 tunaiona kaskazini, kwenye usiku mmoja wa mwezi Mei. Mwaka 1987, Mei, supanova 1987A ilipofika kilele cha kama magnitudo 3, ilikuwa ikionekana kutoka Dodoma kwa macho matupu, chini upande wa kusini magharibi baada ya giza kuingia. Niliwahi kuwauliza wazee kadhaa kama wanaikumbuka. Wanakumbuka foleni za sukari.

Ile T ya Kasi ya Masakini ninapoandika haya bado imelala. Utabiri maarufu uliitaja Septemba 2024, ikapita kimya, na utabiri uliofuata nao ukasogezwa. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 3,000. Kwa kawaida ni ya magnitudo 10, darubini yangu haiioni. Ikilipuka itafika kama magnitudo 2, sawa na Alphecca, nyota angavu ya bakuli hilo, na itaonekana kwa macho kwa muda wa wiki moja tu hivi. Kuipata, anza na Simaki, ile nyota ya rangi ya chungwa inayong'aa sana upande wa kaskazini jioni za Juni. Kulia kwake, kuelekea mashariki, utakuta nusu duara ya nyota ndogo. T iko nje kidogo ya ncha ya mashariki ya bakuli, karibu na nyota inayoitwa Epsilon. Jifunze kwanza sehemu hiyo inavyokaa ikiwa tupu. Kuanzia Aprili bakuli hilo huchomoza kabla watu hawajalala, na hapa Dodoma mvua nyingi huwa zimeshakatika, basi hakuna kisingizio isipokuwa mafua.